Chombo cha Maji cha Mbwa Mwenye Masikio Marefu

Katika vijiji vingi vya Kongo mbwa ni wadogo, manyoya yao mafupi, na masikio yao yamesimama. Mbwa wa namna hii hana shida ya chombo. Mpe maji katika sufuria ya zamani, katika sahani, hata katika kigae cha chungu kilichovunjika: atakunywa, na masikio yake yatabaki juu, makavu.

Lakini kuna mbwa wa namna nyingine. Kule Ubelgiji, katika misitu ya Ardennes, uko mji uitwao Saint-Hubert. Zamani wamonaki wa mji huo walifuga mbwa wakubwa wa kuwinda, na hata leo mbwa hao huitwa mbwa wa Saint-Hubert. Ngozi ya uso wao imejaa makunyanzi, midomo yao inaning'inia, na masikio yao ni marefu sana: ukiyavuta mbele yanaipita ncha ya pua. Na pua yenyewe ni ya ajabu. Mbwa huyu aweza kufuata harufu ya mtu aliyepita njiani jana.

Kwa sababu ya pua hiyo mbwa wa Saint-Hubert waliletwa mpaka Kivu ya Kaskazini. Katika mwaka 2011 mbuga ya Virunga ilianza kuwatumia huko Rumangabo, wapate kufuata nyayo za watu wanaoua wanyama kwa siri.

Basi, mtazame mbwa huyu anapokunywa katika beseni pana. Anainama. Masikio yanashuka mbele, moja kushoto, moja kulia, yanaingia majini kabla ya ulimi. Akiisha kunywa anainua kichwa, na maji yanatiririka shingoni, miguuni, sakafuni. Kisha anajikung'uta, na kila aliye karibu analowa. Watoto hucheka sana. Mbwa mwenyewe hana sababu ya kucheka.

Tundu la sikio la mbwa haliendi moja kwa moja. Linashuka chini kwanza, kisha linapiga kona na kuingia ndani. Kwa mbwa mwenye masikio yaliyosimama, upepo unapita na tundu linakauka. Kwa mbwa wa masikio marefu, sikio limelifunika tundu kama kifuniko juu ya chungu. Joto halitoki. Maji yakiongezeka hapo, vijidudu na ukungu huzaa upesi, kama ukungu unavyoota katika nguo mbichi iliyofungwa ndani ya sanduku. Sikio linanuka. Linatoa uchafu wa rangi ya kahawa. Mbwa anajikuna usiku kucha, anatikisa kichwa, na pengine anakitikisa kwa nguvu hata mishipa midogo ya damu inapasuka na sikio linavimba kama mfuko. Mbwa mwenye maumivu ya namna hiyo hafuati nyayo za mtu yeyote. Hapo inafaa kumpeleka kwa mganga wa wanyama, wala si kuchokoa sikio lake kwa kijiti.

Maji si sababu pekee ya ugonjwa huo, lakini ni sababu ambayo mwenye mbwa aweza kuipunguza kwa chombo tu. Kumnyima maji haiwezekani. Mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu; hujipoza kwa kuhema, ulimi nje, na kwa kuhema hupoteza maji mengi. Mbwa wa kilo 45 huhitaji lita mbili hivi kwa siku, na siku ya jua na kazi huhitaji zaidi.

Chombo kinachomfaa ni chembamba juu na kipana chini. Pua inaingia, masikio yanabaki nje, yanalala juu ya ubavu wa chombo. Uingereza wafinyanzi walitengeneza mabakuli ya namna hiyo kwa ajili ya mbwa waitwao spaniel, ambao nao wana masikio marefu yenye manyoya mengi. Lakini mama mfinyanzi wa kijijini hahitaji kufundishwa na Mwingereza. Chungu chake kina tumbo pana na mdomo mwembamba tangu zamani za mababu. Mwambie tu akifanye kifupi, na mdomo uwe wa kipimo.

Kipimo hupatikana hivi. Mbwa akiwa ameinama, pima kwa uzi upana wa pua yake chini kidogo ya macho, pamoja na midomo inayoning'inia. Kisha pima nafasi iliyoko kati ya sikio na sikio. Mdomo wa chombo uwe mpana kuliko kipimo cha kwanza, na mwembamba kuliko cha pili. Kama pua ina sentimeta 9, na masikio yameachana sentimeta 16, mdomo wa sentimeta 12 utafaa. Usipunguze kupita kiasi. Mbwa anapokunywa hukunja ulimi wake kwa nyuma, huuvuta juu upesi, na maji hupanda pamoja nao. Akikosa nafasi ya kufanya hivyo, atakipindua chombo na kwenda kunywa katika dimbwi la barabarani.

Urefu nao ni shauri. Chombo kifupi mno kinayaacha masikio yalale katika matope ya chini. Chombo kirefu mno hudanganya: asubuhi kimejaa na mbwa anakunywa vizuri, jioni maji yako chini, naye anasukuma kichwa chote ndani, masikio pia. Kwa hiyo maji yaongezwe mara kwa mara, yabaki vidole viwili chini ya ukingo.

Chuma kisichoshika kutu ni kizuri, maana huoshwa kwa urahisi. Udongo mzito hauanguki ovyo na huyapoza maji, lakini usuguliwe vizuri kila siku. Plastiki ni nyepesi. Mbwa huitafuna, na uchafu hukaa katika mikwaruzo. Kopo la unga wa maziwa laweza kutumika, kama ukingo wake umepigwa nyundo usikate midomo, na kama limetiwa mawe pembeni lisianguke. Kopo lililokuwa na dawa ya wadudu halifai hata likioshwa mara kumi.

Chombo kikiisha kupatikana, kijaribiwe. Mwache mbwa atembee mpaka aone kiu, mpe maji, kisha shika ncha za masikio yake. Zikiwa kavu, kazi imekwisha. Zikiwa na maji, zifute kwa kitambaa na upime tena mdomo wa chungu. Na kama nyumbani yuko pia mbwa mwenye masikio yaliyosimama, hana haja ya chombo kingine: pua yake ikiingia, atakunywa humo humo.