Endelea na Gemu Ulipoachia, Bila Kulipa Mara Mbili

Unacheza gemu kwenye TV sebuleni, umefika hatua ngumu, halafu inagonga saa tatu na wazee wanataka taarifa ya habari. Ungependa kuchukua mashine ya mkononi na kuendelea palepale ulipoachia. Inawezekana, lakini si kwa kila gemu wala kila mashine. Kabla hujatoa pesa kwenye simu yako, elewa kwanza ni kitu gani kinachohama, kwa sababu hapo ndipo watu hujikuta wamelipia gemu moja mara mbili.

Njia ni tatu

Ya kwanza ni mashine moja yenye kazi mbili. Nintendo Switch, iliyotoka Machi 2017, huwekwa kwenye kituo chake na picha hutokea kwenye TV. Ukiichomoa, unaendelea kwenye skrini yake. Hakuna bando wala malipo ya ziada. Jihadhari tu usiuziwe Switch Lite ukitarajia hivyo, maana hiyo haiungani na TV.

Ya pili ni mashine mbili zinazotumia seivu moja. Mashine ya kwanza inapandisha seivu mtandaoni, ya pili inaishusha. Kwenye Xbox huduma hii ni ya bure. Kwenye Steam, kwa mfano ukitoka kwenye kompyuta kwenda Steam Deck, pia ni bure, ingawa si kila gemu inaikubali. PlayStation na Nintendo hutaka uwe na usajili wa kulipia. Ukizima mashine ya kwanza kabla seivu haijapanda, ya pili itakuletea ya jana. Na ikikuuliza utumie seivu ipi, soma tarehe na saa kabla ya kubonyeza, kwa kuwa ile unayoiacha inaweza kufutika.

Ya tatu ni kurusha picha. Gemu inaendelea kufanya kazi kwenye mashine ya nyumbani, wewe unaiona kwa mbali. PlayStation Portal ya mwaka 2023 ilitengenezwa kwa kazi hii, ikitumia PS5 yako kupitia Wi-Fi. Sony inataka kasi isiyopungua Mbps 5, na inapendekeza 15. Tupige hesabu: Mbps 5 kwa saa nzima ni karibu GB 2.25, na Mbps 15 ni karibu GB 6.75. Kama unatumia hotspot ya simu, bando la siku laweza kuisha kabla mechi ya tatu. Na stima zikipotea nyumbani, PS5 inazima na mchezo wako unakatika.

Seivu ni kitu kimoja, gemu ni kingine

Hata kama seivu yako inahama, gemu yenyewe huenda isihame. Gemu uliyonunua kwenye duka la PlayStation haitakuwa yako kwenye Switch au Steam, utainunua upya. Baadhi ya gemu za Xbox zina alama ya Xbox Play Anywhere: ukinunua mara moja kidijitali, unacheza kwenye Xbox na kwenye kompyuta ya Windows, na seivu inakufuata.

Fortnite hutumia akaunti ya Epic, kwa hivyo mavazi ya mchezaji wako hukufuata ukiingia na akaunti ileile. Lakini EA Sports FC ya PlayStation na FC Mobile ya simu ni gemu mbili tofauti. Kikosi ulichojenga kwenye moja hakitokei kwenye nyingine. Pia kuna gemu ambazo sarafu ulizonunua kwenye mashine moja hazitumiki kwenye nyingine.

Kabla ya kubonyeza "Lipa"

• Soma ukurasa wa gemu dukani uone kama seivu inahama, na kati ya mashine zipi.
• Hakikisha unalipia kwenye akaunti yako mwenyewe, si ya binamu aliyekuazima mashine. Kilichonunuliwa hubaki kwenye akaunti iliyonunua.
• Usajili mwingi hujirudia wenyewe. Kama unahitaji mwezi mmoja tu, zima kujirudia siku hiyohiyo ya kulipa.
• Usinunue "akaunti yenye gemu kibao" kwa mtu wa mtandaoni. Mwenye barua pepe ya kwanza anaweza kuirudisha kwake, na wewe utakuwa umeshatuma pesa.
• Washa uthibitisho wa hatua mbili. Msimbo unaokuja kwa SMS ni wako peke yako, sawa na PIN yako. Sisi hatutakuuliza PIN, na hakuna gemu inayoihitaji kuhamisha seivu.

Ukishajua gemu yako inatumia njia ipi, jaribu kwanza na gemu uliyo nayo tayari. Cheza dakika kumi, seivu, fungua mashine ya pili. Ikikupeleka ulipoachia, hapo sasa unaweza kulipia nyingine.