Picha ya Mtoto na Paka Wake

Asubuhi ya Idi, nyumbani kwetu Mkuyuni, jijini Mwanza, binti yetu mdogo aliomba apigwe picha pamoja na paka wake. Alikuwa amevaa gauni jipya, na alitaka kipenzi chake nacho kiwemo katika furaha ya siku ile. Sisi wakubwa tukamzunguka na simu zetu, kila mmoja akiamrisha: mbane, mwinue, mgeuze uso. Taa ya simu ilipomulika, paka alimparura mkono, akaruka dirishani na kutokomea kwenye mawe ya mlimani nyuma ya nyumba. Picha tuliyoipata ilionesha mkia, na uso wa mtoto anayelia.

Paka hakurudi siku hiyo wala siku ya pili yake. Mtoto akakataa kula. Mmoja wetu akamwambia anyamaze, kwani paka ni wengi mtaani.

Kauli hiyo ilinikumbusha kisa cha Abu Umayr, ndugu mdogo wa Swahaba Anas bin Malik (Radhi za Allah ziwe juu yao). Mtoto huyo alikuwa na ndege mdogo aliyekuwa akicheza naye. Ndege alipokufa, Mtume (Rehema na amani ziwe juu yake) alimkuta amehuzunika, akamsemesha kwa upole na kumuuliza habari za ndege wake. Asili ya hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na mwanazuoni wa madhehebu ya Shafii, Ibn al-Qass, aliyefariki mwaka 335 Hijria, alitoa humo mafunzo 60. Huzuni ya mtoto kwa kipenzi chake haikudharauliwa na mbora wa viumbe. Sisi ni nani hata tuidharau?

Ama kuhusu picha yenyewe, wanazuoni wametofautiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliruhusu picha za kamera kwa hoja kwamba huko ni kuzuia kivuli cha kitu kilichokwisha kuumbwa, si kuiga uumbaji. Wengine wamezikataza isipokuwa kwa haja, kama vile pasi ya kusafiria. Kila familia na imuulize sheikh wake. Lakini juu ya kumdhulumu mnyama hakuna hitilafu: imesihi kwamba mwanamke mmoja aliingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie riziki. Ikiwa kumfungia kuna hesabu, basi hata kumtesa kwa ajili ya picha hakukosi hesabu.

Kwa wazazi watakaopiga picha hizo, haya ndiyo tuliyojifunza. Mwache mnyama aje mwenyewe, akiwa ameshiba na ametulia. Mkalishe mtoto mkekani, karibu na dirisha au mlango, ili mwanga wa asubuhi utoshe, kisha zima taa ya simu. Mpiga picha naye akae chini, simu iwe usawa wa macho ya paka. Masikio yakilala nyuma, au mkia ukianza kupiga huku na huku, amechoka. Mwacheni aende zake. Na akimparura au kumng'ata mtoto, osheni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mwende hospitali bila kuchelewa, kwani kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia.

Siku ya tatu, baada ya Alfajiri, tulisikia mlio mlangoni. Paka alikuwa amerudi, amekonda, ana vumbi la mawe mgongoni. Binti yetu hakumkamata. Alimwekea maji na dagaa wachache, akaketi kando, akangoja. Paka alikula, akajilamba, kisha akaja kulala juu ya upindo wa gauni la mtoto. Hapo ndipo mama yake alipoinua simu, akapiga picha moja na kuiweka chini.

Katika picha hiyo hakuna anayeitazama kamera. Mtoto anamwangalia paka, na pembeni linaonekana bakuli la maji. Tangu siku hiyo, kulijaza bakuli lile kila asubuhi ni kazi yake, na hatumkumbushi.