Kuandika ku blogu ni somo la chuo kikuu? Ndiyo, na linatuhusu

Leo tuongee kidogo juu ya kitu chenye wengi wetu tunafanya kila siku bila kukiita elimu: kuandika kwa ajili ya watu wengi ku intaneti. Kila mwaka, wakati wa kutafuta mada ya TFC ao ya memwari, utasikia mwanafunzi anasema anataka kuchunguza namna watu wanaandika ku blogu. Wenzake wanacheka: "Ile nayo ni sayansi?" Jibu ni ndiyo. Kuko walimu wa vyuo vikuu wenye kuifanya tangu zaidi ya miaka 20, na njia yao ya kazi iko wazi. Mimi ni mtu wa agronomia, siko mtu wa kitivo cha lugha. Lakini njia ile inatusaidia sisi wote, hata wenye kushinda shambani.

1. Retoriki haiko maneno matamu

Kwetu, mtu akisema "yule anafanya retoriki", anataka kusema: anaongea mingi, ndani hamna kitu. Katika masomo neno lile liko na maana ingine. Aristoteli, Mgriki wa karne ya 4 mbele ya Yesu, alieleza retoriki kuwa uwezo wa kuona, katika kila jambo, ni kitu gani kinaweza kumsadikisha mtu. Angalieni vizuri: ni uwezo wa kuona. Ni sawa agronomu mwenye kuangalia udongo mbele ya kusema kitu gani kipandwe.

Alitaja nguzo tatu. Ya kwanza ni hoja yenyewe: ushahidi, hesabu, mfano. Ya pili ni moyo wa msikilizaji: woga, hasira, huruma, tumaini. Ya tatu ni sura ya msemaji, yenye Wagriki waliita ethos. Hapa msikilizaji anajiuliza maswali matatu: huyu anajua kitu? Ni mtu wa haki? Anatutakia mema? Yashike hayo maswali, tutayahitaji mbele.

Aristoteli aligawa tena maongezi ya watu wengi katika aina tatu: yale ya kushauri juu ya mambo yenye kuja, yale ya kuhukumu mambo yenye yalipita, na yale ya kusifu ao kulaumu. Fungua simu yako sasa hivi. Mtu anaandika "tusikubali bei hii": aina ya kwanza. Mwingine anauliza "nani alikula feza ya promosheni?": aina ya pili. Tena kuko picha ya mwenzetu ametoka kutetea memwari, podra ku uso, maua ku mkono, na maneno mazuri chini ya picha: aina ya tatu. Miaka zaidi ya 2300 imepita, na ule mgawanyo bado unatusaidia kuona.

2. Namna blogu iliingia darasani

Neno "weblog" lilianzishwa na Mmarekani Jorn Barger mu Desemba 1997. "Log" ni kitabu cha safari ya meli, chenye kapiteni anaandika siku kwa siku: upepo, mwendo, mambo yenye yametokea. Mu 1999 Peter Merholz alikata lile neno kwa mchezo, likabaki "blog". Mwaka ule ule kukatoka Blogger, na mtu asiyejua kutengeneza ukurasa wa intaneti akaweza kuandika na kusomwa. Mu 2004 kamusi ya Merriam-Webster ikalifanya kuwa neno la mwaka.

Mwaka ule wa 2004 tunapata kazi mbili za chuo kikuu zenye kufaa kujulikana, juu zinaonyesha njia mbili za kufanya uchunguzi.

Ya kwanza ni ya Susan Herring na wenzake wa Indiana University. Walichukua blogu 203 kwa bahati nasibu, wakahesabu: nani anaandika, anaandika nini, anaweka viungo vingapi vya kwenda kurasa zingine. Wakati ule magazeti yalisema blogu ni mambo ya siasa na habari. Hesabu ikatoa picha ingine: nyingi, karibu 7 katika 10, zilikuwa daftari za maisha ya mtu mwenyewe, na viungo havikuwa vingi vile watu walifikiri. Hapa tunaona faida ya kuhesabu: kitu chenye kupiga kelele sana haiko lazima kiwe kitu chenye kuwa kingi.

Ya pili ni ya Carolyn Miller na Dawn Shepherd wa North Carolina State University. Hawa hawakuanza na hesabu. Waliuliza: kwa nini watu walianza kuandika namna hii, na kwa nini wakati ule, siyo miaka 20 mbele yake?

3. Muhogo unagawanywa namna gani?

Kusudi tuelewe swali lao, twende shambani kidogo. Mtu wa botaniki anagawa muhogo kwa sura: umbo la jani, rangi ya kikonyo, rangi ya ganda. Mama mwenye shamba anaugawa kwa kazi: huu ni wa kuchemsha na kula leo, huu mchungu ni wa kuloweka, kukausha na kusaga unga. Wote wawili wana haki, lakini wanajibu maswali mbalimbali.

Mu 1984 Miller aliandika makala yenye ilibadilisha masomo ya aina za maandiko. Tunaweza sema alisimama upande wa mama mwenye shamba. Kwake, aina ya andiko inajulikana kwa kazi yenye inafanya kati ya watu, katika hali yenye kurudi mara na mara. Chukua barua ya kuomba kazi. Tunaijua kwa sababu kila siku kuko mtu mwenye kutafuta kazi na mtu mwenye kazi ya kutoa, na wote wawili wanajua namna ya kukutana ku karatasi. Sura ya barua, heshima zake na mpangilio wake vinafuata ile kazi.

Kwa blogu, Miller na Shepherd waliona kazi mbili: mtu anajieleza, na kwa kujieleza anajenga kikundi cha wenye kumsoma. Waliona pia wakati wake: mwisho wa miaka ya 1990, maisha ya siri ya watu yalikuwa yanaonyeshwa kila fasi, hata ku televisheni, na watu walizoea kuangalia na kuangaliwa. Na waliitafutia mababu: daftari la siku, kitabu cha meli, vijitabu vya mabishano.

Mu 2009 walirudi tena, wakasema mambo yamesonga. Blogu ilikuwa imekuwa chombo, na ndani ya chombo kulikuwa aina nyingi za maandiko. Hapa tuseme hivi: chungu haiko chakula. Chungu kimoja kinapika sombe leo na maharagwe kesho. Mtu akisema "ninachunguza maandiko ya Facebook", bado hajasema kitu. Ametaja chungu tu.

4. Shida, watu, na mipaka

Kifaa kingine cha kazi kinatoka kwa Lloyd Bitzer, mu 1968. Alisema kila andiko la kweli linajibu hali yenye vitu vitatu: shida yenye haraka, watu wenye kuweza kufanya kitu juu yake, na mipaka yenye kubana mwandishi na wasomaji. Mu 1973 Richard Vatz alimpinga: shida haijisemi yenyewe, ni msemaji mwenye kuchagua kitu gani kiitwe shida. Mabishano yao bado yanafundishwa, na mimi naona wote wawili wanahitajika.

Mfano wa kwetu: ugonjwa wa mnyauko wa migomba, wenye kuletwa na bakteria, umeharibu mashamba mengi mu Kivu tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Agronomu anaweza kuandika namna mbili. Namna ya kwanza: anaanza na jina la Kilatini la bakteria, anafuata na maabara, anamaliza na "uchunguzi zaidi unahitajika". Kwa profesa ile ni sawa kabisa, juu shida ya profesa ni kujua kama umeelewa.

Lakini shida ya mkulima ni ingine: mgomba wake unakauka wiki hii. Yeye njo mwenye kuweza kufanya kitu. Mipaka yake: hana feza, hana muda, na panga ni moja kwa shamba nzima. Basi andiko lake linaanza hivi: ukimaliza kukata mgomba mgonjwa, usikate mwingine na panga ile ile mbele ya kuipitisha ku moto ao kuisafisha na javeli. Lile ua jekundu lenye kuning'inia chini ya mkungu, livunje na kijiti chenye panda, usilikate na kisu. Shina lenye ugonjwa likate chini kabisa ku udongo. Kwa nini kijiti? Kwa sababu wadudu wanabeba bakteria kwenye ua, na kisu kinabeba bakteria kutoka mti hadi mti. Sayansi ni ile ile. Kazi ya andiko njo imebadilika, na sura yake imefuata.

5. Ukweli peke yake hautoshi

Sasa turudi ku yale maswali matatu ya ethos. Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikamalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 3470 waliugua, 2287 wakafa. Habari za kweli zilikuwepo tangu mwanzo: usiguse maiti, peleka mgonjwa haraka. Lakini fasi nyingi watu hawakuwaamini wenye kuzileta. Swali la kwanza, "anajua kitu?", lilipata jibu. Ni lile la tatu, "anatutakia mema?", lenye lilibaki wazi kwa watu wenye walikuwa wameona miaka mingi ya vita bila kusaidiwa. Fasi ile uvumi ukapita, juu uvumi unaletwa na jirani, kwa lugha ya nyumbani.

Ni kwa sababu hiyo mimi naona somo hili haliko mchezo. Mwandishi wa blogu hana mhariri mwenye kumsimamia, hana muhuri wa ofisi. Imani inajengwa ndani ya andiko lenyewe: unasema habari umeipata wapi, unaweka tarehe, unatenga kitu chenye umeona na kitu chenye umesikia, unamjibu mwenye kukupinga bila kumtukana.

6. Kama unataka kulifanya kuwa kazi yako

Usianze na chungu, anza na chakula. Chagua hali moja yenye kurudi: matangazo ya kifo, barua wazi kwa viongozi, pongezi za kutetea, mashauri ya kilimo. Kusanya maandiko ya kutosha kwa njia yenye unaweza kueleza, usichague yale yenye kukupendeza tu. Hesabu kwanza, sawa Herring. Nyuma ya pale uliza, sawa Miller: ni kazi gani inafanyika hapa kati ya watu? Ongea na wenye kuandika na wenye kusoma. Ficha majina ya watu wa kawaida, hata kama waliandika mbele ya wote, juu hawakuandika kwa ajili ya memwari yako.

Na kama hautafanya uchunguzi, angalau mbele ya kubonyeza "tuma" jiulize: ni shida gani, ni nani mwenye kuweza kufanya kitu, na kwa nini aniamini mimi? Tuna maarifa mengi yenye kulala mu TFC zetu, ndani ya makabati, na jirani anakata migomba na panga chafu.

Wewe ungechunguza maandiko ya aina gani? Andika hapa chini, tuendelee kujadiliana.