Kabla Hujaruka na Mwavuli kwa Mara ya Kwanza

Swali la kwanza la kila mgeni ni hili: mwavuli usipofunguka je? Ni swali la haki. Mfuko ulio mgongoni mwa mkufunzi, ambaye mtafungwa naye pamoja, una miavuli miwili, mkuu na wa akiba. Una pia kifaa kidogo kinachopima mgandamizo wa hewa, na mkikaribia ardhi mkiwa bado mnaanguka kwa kasi, chenyewe huufungua ule wa akiba. Mwaka 2023 Marekani ilikuwa na miruko takribani milioni 3.65, wakafa watu 10. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni yale ambayo mgeni hayaulizi, au anayaficha anapojaza fomu.

Chukua Diani, kusini mwa pwani ya Kenya, ambako watu huruka juu ya bahari na kutua ufukweni. Aliyekuja kuruka alasiri huenda asubuhi alizamia kwenye matumbawe akiwa na mtungi wa hewa. Kule chini mwili hufyonza naitrojeni, na kuitoa huchukua saa nyingi. Ndege ya kurukia haihifadhi mgandamizo wa hewa ndani kama ya abiria. Ukipanda nayo hadi mita 3,000 na zaidi, naitrojeni iliyobaki inaweza kugeuka mapovu ndani ya damu na viungo. Baada ya kuzamia, subiri walau saa 24. Tafadhali, hili lisemeni hata msipoulizwa.

Mafua nayo si jambo dogo. Mtaanguka kwa kilomita 200 hivi kwa saa, na ndani ya dakika moja au pungufu mgandamizo wa hewa huwa umebadilika sana. Sikio lililoziba halina nafasi ya kuzoea. Sema pia kama bega liliwahi kuteguka, kama una mimba, kifafa au ugonjwa wa moyo. Uzito usiupunguze kwa mdomo: vituo vingi huweka kikomo karibu na kilo 100, kwa kuwa mikanda na mwavuli vina kiasi vinachoweza kubeba.

Mlangoni mwa ndege, shika mikanda ya kifuani, laza kichwa nyuma begani kwa mkufunzi, sukuma nyonga mbele na kunja miguu nyuma, mwili upinde kama ndizi. Umbo hilo huwafanya mwanguke kifudifudi bila kubingirika, huku kimwavuli kidogo anachokiachia mkufunzi kikipunguza kasi ya watu wawili ifanane na ya mmoja. Mshtuko wa tumbo ambao wengi huuogopa ni mdogo, maana mnatoka kwenye ndege mkiwa tayari na kasi yake. Pumua kama kawaida.

Mwavuli mkuu hufunguliwa kwenye mita 1,500 hivi, kisha mnaelea dakika tano au sita. Wengi hapo hujiona wamemaliza, ilhali majeraha mengi hutokea wakati wa kutua. Miguu yako iko mbele ya mkufunzi. Ikigusa chini mapema, kifundo chaweza kuvunjika. Ukiambiwa inua, inua magoti, nyoosha miguu mbele na utue kwa makalio. Lifanye zoezi hilo mara kadhaa mkiwa bado chini.

Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, mkufunzi makini haruki, na asisukumwe. Usiweke mruko siku ya mwisho ya safari yako; uweke mwanzoni, ili ukiahirishwa leo uwe na kesho na keshokutwa.