Wakubwa 76 wa NBA: kwa nini Mutombo hayumo?

Mwezi wa Oktoba 2021, ligi ya NBA ya Marekani ilipoingia msimu wake wa 75, ilitangaza majina ya wachezaji wake bora wa nyakati zote. Walipaswa kuwa 75, lakini kura zililingana, wakawa 76. Waliopiga kura ni wachezaji wa zamani na wa sasa, makocha, viongozi wa timu na waandishi wa habari. Michael Jordan yumo. LeBron James yumo. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos huko Nigeria, naye yumo. Dikembe Mutombo wa Kinshasa hayumo.

Kwa mpenzi wa mpira wa kikapu hapa Congo, ni rahisi kuliita jambo hilo dharau na kulifunga hapo. Mutombo alifariki tarehe 30 Septemba 2024 kwa kansa ya ubongo, akiwa na miaka 58, na mtu aliyejengea nchi yake hospitali yenye jina la mama yake ni vigumu kumjadili kwa hesabu tupu. Lakini orodha za wakubwa zinatengenezwa kwa hesabu. Swali ni kujua nani aliamua kitu gani kihesabiwe.

Mabishano yanayojulikana zaidi, hata kwenye viwanja vya Goma, Bukavu na Lubumbashi, ni ya Jordan na LeBron. Wa upande wa Jordan wanahesabu makombe: alifika fainali mara 6, akachukua ubingwa mara 6, na mara zote 6 akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Wanaongeza wastani wake wa pointi 30.1 kwa mchezo. Wa upande wa LeBron wanahesabu miaka. Tarehe 7 Februari 2023 aliipita rekodi ya Kareem Abdul-Jabbar ya pointi 38,387, rekodi ambayo watu walidhani haitaguswa. Makombe yake ni 4, aliyoyapata na timu 3 tofauti, na lile la Cleveland mwaka 2016 lilikuja baada ya kuwa nyuma kwa michezo 3 kwa 1 mbele ya Golden State, timu iliyokuwa imeshinda michezo 73 katika msimu wa kawaida.

Ukisikiliza vizuri, utaona kila mmoja amechagua jibu lake mapema, kisha akatafuta kipimo cha kulitetea. Maana kama kipimo ni makombe, mabishano yamekwisha zamani: Bill Russell wa Boston alichukua 11 katika misimu 13, kati ya 1957 na 1969. Hapo mtu wa Jordan anajibu kwamba Russell alipoanza, ligi ilikuwa na timu 8 tu, wakati leo ni 30. Ni jibu la haki. Ila anayelitoa amekubali kwamba idadi ya makombe peke yake haitoshi, na bado dakika tano baadaye atamrudishia mtu wa LeBron yale makombe 6.

Wilt Chamberlain anasumbua zaidi. Tarehe 2 Machi 1962, katika mji mdogo wa Hershey, jimbo la Pennsylvania, alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja dhidi ya New York. Msimu huo wote wastani wake ulikuwa pointi 50.4. Leo mchezaji akifunga 50 usiku mmoja, video yake inazunguka dunia nzima kabla ya asubuhi. Ule mchezo wa Hershey hauna hata video.

Tena kuna vitu ambavyo havikuandikwa kabisa. Mtupo wa pointi tatu uliingia NBA katika msimu wa 1979-80. Waliocheza kabla ya hapo, hata wakitupa kutoka mbali namna gani, walipata mbili. Zawadi ya mchezaji bora wa fainali ilianza kutolewa mwaka 1969, ambao ndio mwaka wa mwisho wa Russell. Hakuipata hata mara moja, na leo zawadi hiyo inaitwa kwa jina lake. NBA ilianza kuandika mitupo iliyozuiwa katika msimu wa 1973-74. Kwa hiyo Russell na Chamberlain, majitu yaliyotisha chini ya kikapu kuliko wote wa wakati wao, katika vitabu vya ligi hawana hata mtupo mmoja waliozuia.

Na kazi ya Mutombo ilikuwa hapo hasa, kwenye mitupo iliyozuiwa.

Aliondoka Kinshasa mwaka 1987 kwenda Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, akiwa na nia ya kusomea udaktari. Kocha John Thompson alimwona, na urefu wake wa mita 2.18, akamvuta uwanjani. Mwaka 1991 Denver ilimchagua wa nne, naye tayari alikuwa na miaka 25, umri ambao LeBron alikuwa amemaliza misimu 7 katika NBA. Alicheza hadi 2009. Alizuia mitupo 3,289, wa pili katika historia nyuma ya Olajuwon mwenye 3,830. Alichaguliwa mara 4 kuwa mchezaji bora wa ulinzi wa msimu: 1995, 1997, 1998 na 2001. Mwaka 2015 aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa mpira wa kikapu.

Hadi siku orodha ya 76 ilipotangazwa, wachezaji 4 tu walikuwa wamepata zawadi hiyo ya ulinzi mara 3 au zaidi. Ni Mutombo, Ben Wallace, Dwight Howard na Mfaransa Rudy Gobert. Hakuna hata mmoja wao katika orodha. Wote wanne wamebaki nje. Mkongomani anayelalamika kwamba Mutombo alisahauliwa kwa sababu ni Mwafrika atapata shida kueleza kwa nini Olajuwon yumo, na kwa nini Wallace na Howard, Wamarekani, hawamo. Olajuwon alizuia, lakini pia alifunga pointi 26,946. Waliopiga kura wanapenda ulinzi ukiwa nyongeza juu ya pointi. Ukiwa ndiyo kazi yenyewe, hawauoni.

Wenye kutetea orodha wana hoja zao, na si dhaifu. Mutombo alifunga wastani wa pointi 9.8 kwa mchezo. Hakuwahi kuwa mchezaji bora wa msimu. Alifika fainali mara mbili, na Philadelphia mwaka 2001 na New Jersey mwaka 2003, akashindwa zote. Hata ule mwaka wa 2001, wakati yeye alikuwa mlinzi bora na mwenzake Allen Iverson mchezaji bora wa msimu, waliopiga kura walimweka Iverson katika orodha. Naye Iverson hana kombe.

Kuna pia jambo ambalo mashabiki wa Mutombo hawapendi kulisema. Wa tatu katika mitupo iliyozuiwa ni Kareem Abdul-Jabbar, mwenye 3,189. Tofauti ni 100 kamili. Lakini Kareem aliingia NBA mwaka 1969, na misimu yake 4 ya kwanza, alipokuwa kijana na mwepesi, haikuandikwa. Hakuna anayejua mpira huu atakayeamini kwamba katika misimu hiyo 4 hakuzuia hata mitupo 100. Ile nafasi ya pili tunayojivunia, sehemu yake ni zawadi ya karatasi iliyokosa kuandikwa.

Hilo halimwondoi Mutombo katika wakubwa. Linaonyesha tu kwamba daftari linaweza kumpunja mtu upande mmoja na kumwongezea upande mwingine. Na kuna kitu ambacho hata daftari la leo haliandiki: mtupo ambao mchezaji aliufikiria, akaangalia chini ya kikapu, akamwona Mutombo na kile kidole chake cha kukataza, akaamua kurudisha mpira nje kwa mwenzake. Hakuna safu ya hesabu kwa mtupo ambao haukutupwa.

Tarehe 7 Mei 1994, Denver ilicheza mchezo wa tano huko Seattle. Seattle ilikuwa imeshinda michezo 63 msimu huo, Denver 42 tu, na timu ya nane haikuwahi kuitoa timu ya kwanza. Denver ilishinda 98 kwa 94 baada ya dakika za nyongeza. Mutombo alianguka chini, akalala chali, ameushika mpira kwa mikono miwili juu ya kichwa, kinywa wazi. Katika michezo ile 5 alikuwa amezuia mitupo 31. Siku hiyo alifunga pointi 8.