Mpera-nanasi: tunda la wadi zenye baridi, lakini usipande mti mmoja

Wakaazi wa Kinangop, Kipipiri na Ol Joro Orok wanajua jinsi baridi inavyochagua matunda. Katika maeneo yetu ya juu mwembe haukai, mchungwa hudumaa, na avokado changa mara nyingi huunguzwa na sakitu, ule umande unaoganda usiku wa Januari na Februari mbingu zikiwa wazi. Boma nyingi zimebaki na plamu, peasi na matufaha. Upo mti mwingine ambao haiogopi baridi hii na ambao haujulikani sana kwetu. Vitaluni huuzwa kwa jina la feijoa. Hapa tutauita mpera-nanasi, kwa kuwa tunda lake hunukia kama nanasi lililochanganywa na pera.

Si mpera wa kawaida, ingawa ni wa ukoo mmoja nao. Asili yake ni nyanda za kusini mwa Brazili, Uruguay na kaskazini mwa Argentina. Ni mti mfupi wa mita 2 hadi 5, usiopukutisha majani. Jani lake ni kijani juu na rangi ya fedha chini. Ua lina petali nene nyeupe na nyuzi nyekundu katikati. Tunda lina ukubwa wa yai la kuku au kuzidi kidogo, na hubaki kijani hata likiiva.

Wengine watasema mti wa nchi za mbali hauwezi kuzaa karibu na ikweta. Jibu liko Colombia. Nchi hiyo, kama Kenya, inapitiwa na ikweta na haina majira ya theluji, lakini wakulima wake wa milimani hulima tunda hili kwa biashara katika mwinuko wa takriban mita 1,800 hadi 2,700 juu ya bahari. Sehemu kubwa ya Nyandarua iko katika kimo hicho hicho. Mti uliokomaa huvumilia hata nyuzi 8 chini ya sifuri, baridi ambayo hatuifikii. Kinachoumia na sakitu ni maua na matunda machanga, kwa hivyo usiupande bondeni ambako hewa baridi hukusanyika usiku. Upande kwenye mteremko au karibu na ukuta wa nyumba unaopigwa na jua la asubuhi. Joto ndilo adui wake hasa. Likipanda zaidi ya nyuzi 32, maua hayashiki matunda vizuri, na mtu wa Mombasa au Garissa asipoteze pesa zake.

Sasa tuje kwa jambo linalowavunja moyo wengi. Mti hukua vizuri, unachanua hadi majirani wanausifu, kisha maua yote yanaanguka bila kuacha tunda hata moja. Mwenye mti hudhani udongo ni mbaya, au ameuziwa mti dume. Mti dume haupo hapa, kwa maana kila ua lina sehemu zote mbili. Tatizo ni kwamba miti mingi ya aina hii haikubali chavua yake yenyewe. Inahitaji chavua ya mti mwingine, tena wa aina tofauti. Ukinunua miche miwili ambayo yote ilikatwa kutoka kwa mti mmoja, mbele ya maua hiyo ni sawa na mti mmoja tu. Muulize mwenye kitalu aina zake kwa majina. Apollo, Mammoth, Triumph na Unique ni aina zilizotoka New Zealand, nchi inayolipenda tunda hili kuliko nyingi. Unique huweza kujizalia peke yake, lakini hata hiyo huzaa zaidi ikiwa na mwenzake. Asiye na nafasi ya miti miwili anaweza kuelewana na jirani wa upande wa pili wa ua, kila mmoja apande aina yake.

Chavua hubebwa na nyuki na ndege. Ndege hasa ndio wafanyakazi wazuri, kwa sababu huja kula zile petali tamu na kutoka na chavua kichwani na kifuani. Wazazi wawazuie watoto wasiwapige ndege kwa manati msimu wa maua. Petali zenyewe huliwa hata na binadamu, na ukizichuma taratibu bila kugusa nyuzi za katikati, tunda halidhuriki.

Kuhusu miche, mbegu huota kwa urahisi na miche yake ni rahisi, lakini hujui utapata nini. Mti wa mbegu unaweza kuchukua miaka mitano au zaidi kuzaa, kisha ukakupa matunda madogo yenye chembechembe kama mchanga. Mche uliobebeshwa, au uliotokana na kipandikizi cha mti unaojulikana, huanza kuzaa baada ya miaka miwili hadi minne. Ni ghali zaidi, na katika shamba dogo bei hiyo ni afadhali kuliko kungoja miaka mitano bure. Nunua kwa kitalu kilichosajiliwa na Kurugenzi ya Mazao ya Bustani (HCD), na uombe kuona cheti.

Usikubali tawi au mbegu iliyoletwa na ndugu kwenye begi kutoka ng'ambo. Sheria inataka kibali cha KEPHIS kabla mmea wowote haujaingizwa nchini, na kwa mti huu kuna sababu nzito. Upo ugonjwa wa kutu unaoshambulia ukoo mzima wa mipera na mikaratusi. Ulionekana Afrika Kusini mwaka 2013 na New Zealand mwaka 2017. Huenea kwa vumbi laini linaloshikamana na majani na nguo. Mtu mwenye nusu ekari ya mikaratusi ya kuuza nguzo aelewe kwamba tawi moja la jirani linaweza kumhusu.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, kabla ya mvua ya Machi. Weka udongo wa juu kando, uuchanganye na debe mbili za samadi iliyooza vizuri, kisha urudishe. Nafasi kati ya mti na mti iwe mita 3 hadi 4. Ukitaka ua wa kuzuia upepo, mita 1.5 inatosha, ingawa matunda yatapungua.

Kwenye uwanda wa Kinangop udongo wa chini ni mgumu na maji ya mvua ya masika husimama. Mpera-nanasi huvumilia ukavu kiasi lakini hauvumilii mizizi kulala majini. Katika shamba la namna hiyo usipande shimoni. Inua tuta la sentimita 30 hadi 40, upande juu yake na uchimbe mtaro wa kuondoa maji. Mizizi yake iko karibu na uso wa ardhi, kwa hivyo palizi ya jembe chini ya mti ni kuukata. Ng'oa magugu kwa mkono na utandaze nyasi kavu, bila kuzigusisha shina. Mwagilia wakati wa kiangazi matunda yanapojaa, la sivyo yatabaki madogo. Kondoo na mbuzi hula miche, basi izungushie ua mapema. Kupogoa hakuna kazi kubwa. Baada ya mavuno ondoa matawi yanayobanana ili ndege waweze kuingia hadi ndani, na usikate ncha zote, kwa kuwa maua hutokea kwenye machipukizi mapya ya matawi ya msimu uliopita.

Kutoka ua hadi tunda ni kama miezi mitano au sita. Kwa kuwa rangi haibadiliki, usivune kwa macho. Tunda likiiva huanguka lenyewe. Tandaza nyasi au wavu chini na uokote kila siku, au lishike tunda na kulivuta kidogo, likija bila kubishana liko tayari. Ukilikata, ile sehemu ya katikati iwe angavu kama maji. Ikiwa nyeupe, umewahi. Ikiwa ya kahawia, umechelewa. Matunda yanayooza chini yasiachwe, kwani nzi wa matunda huzaliana humo. Yazike kwa kina cha nusu mita, au uyafunge katika mfuko mzito na kuuacha juani kwa siku kadhaa.

Huliwa kwa kukatwa vipande viwili na kuchotwa kwa kijiko. Lina vitamini C ya kutosha, kama miligramu 33 kwa gramu 100, na ufumwele mwingi, lakini pera la kawaida hulishinda kwa vitamini C mara kadhaa. Anayekuuzia mche kwa kusema ni dawa ya magonjwa anatafuta pesa zako.

Kuhusu soko, tunda hili huchubuka ndani bila alama nje na halikai zaidi ya wiki moja nje ya friji. Wachuuzi wengi wa Ol Kalou na Njabini hawalijui bado. Kwa sasa using'oe plamu wala kupunguza viazi kwa ajili yake. Panda miti miwili ya aina tofauti karibu na jikoni, kwa watoto na kwa jemu, na uone inavyozaa katika shamba lako kabla ya kuongeza. Kwa ushauri kuhusu udongo wa mahali ulipo, muone afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya mvua ya Machi, ukiwa umechimba shimo moja la majaribio na kuona maji huchukua muda gani kukauka humo.