Sitini na tano ya nini? Kemia ya watoto wetu na mfuko wa kasiterite

Mnunuzi anapima mchanga wako, anaangalia mashine yake, anasema: « Sitini na tano. » Wewe unaitika, unapokea feza, unarudi. Swali moja halikuulizwa: sitini na tano ya nini? Ya bati lenyewe, ao ya bati pamoja na oksijeni yake?

Tofauti ya majibu hayo mawili sio maneno ya bure. Katika mfuko wa kilo 50 inafika karibu kilo 7 za bati. Na ufunguo wake uko ndani ya somo ambalo watoto wanarudi nalo kutoka humanités, na wengi wanaliogopa: « nombre d'oxydation », tuseme namba ya oksidasio.

Hapa Nguba mashimo hayaonekani, tunaona ziwa. Lakini nyumba nyingi zinaishi kwa jasho la Kalehe, Walungu, Shabunda ao Mwenga: baba ao kaka yuko kule, mama anatafuta minerval huku. Kwa hiyo katika nyumba moja iko mtu anayechimba kasiterite na mtoto anayeweza kuihesabu. Kinachokosa ni kuwakalisha kwa meza moja.

Sheria ni chache

Namba ya oksidasio ni hesabu ya nani anatoa na nani anapokea. Kila atomu iko na elektroni. Wakati atomu za aina mbili zinashikana, moja inavuta elektroni kwa nguvu kuliko nyingine. Tunaandika kama vile yenye nguvu imezichukua kabisa: anayetoa anapata alama ya +, anayepokea anapata alama ya −. Ni daftari la deni, kama lile la mama wa duka.

Mtoto anapaswa kushika sheria hizi:

1. Kitu kisichochanganyika na kingine kiko na 0. Zahabu safi ni 0. Bati safi ni 0.
2. Oksijeni ndani ya mchanganyiko, karibu kila mara, ni −2.
3. Haidrojeni, mara nyingi, ni +1. Njo maana maji ni H2O: haidrojeni mbili zinatoa 2, oksijeni moja inapokea 2.
4. Ukijumlisha zote ndani ya kitu kisicho na chaji, lazima upate 0. Deni na malipo vinalingana.

Sasa tuchukue mawe yetu.

Kasiterite inaandikwa SnO2. Sn ni bati, étain. Oksijeni ziko mbili, kila moja −2, jumla −4. Ili tupate 0, bati lazima liwe +4. Imekwisha.

Koltani iko na sehemu inayoandikwa FeTa2O6. Oksijeni sita, mara 2, ni −12. Chuma (Fe) pale kiko na +2, kwa hiyo zinabaki 10. Tantali ziko mbili, zinagawana: +5 kila moja. Mara nyingi niobi inakaa mahali pa tantali, na yenyewe ni +5. Manganezi inakaa mahali pa chuma, na yenyewe ni +2. Hesabu haibadiliki.

Wolframi ni FeWO4. Oksijeni nne ni −8, chuma kinalipa 2, tungsteni (W) inalipa 6. Ni +6.

Kuna jiwe moja linalodanganya wanafunzi kama linavyodanganya wachimbaji wapya: pirite, FeS2, ile inayong'aa kama zahabu. Mwanafunzi anazoea kuandika kiberiti (S) −2, halafu anapata chuma +4. Hapana. Ndani ya pirite kiberiti mbili zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, kila moja iko na −1, na chuma ni +2. Zahabu ya kweli ndani ya mto inabaki 0, haipendi kushikana na oksijeni. Ni juu ya hiyo inang'aa hata kisha miaka mingi ndani ya maji.

Kutoka namba mpaka kilo

Hiyo +4 ya bati inatuambia kwamba kila atomu moja ya bati inatembea na oksijeni mbili. Na oksijeni iko na uzito. Katika jedwali la mwanafunzi, bati ni 118,7 na oksijeni ni 16. Tuhesabu: 118,7 na 32 ni 150,7. Gawanya 118,7 kwa 150,7: unapata 78,8 kwa mia.

Maana yake: hata kasiterite safi kabisa, bila mchanga, bila chuma, haiwezi kupita kilo 78,8 za bati ndani ya kilo 100. Mtu akikuambia « hii ni bati 82 kwa mia », ujue anasoma oksidi, hasomi bati.

Sasa turudi kwa ile 65. Kama ni 65 ya bati, mfuko wa kilo 50 uko na kilo 32,5 za bati. Kama ni 65 ya SnO2, unazidisha kwa 0,788: ni bati 51,2 kwa mia, ao kilo 25,6. Namba ni ileile moja kwa mdomo, lakini ndani ya mfuko kilo 6,9 zimepotea.

Mambo yanachanganyika zaidi juu kila madini yako na desturi yake. Kwenye soko la dunia, madini ya bati yanahesabiwa kwa bati lenyewe, Sn. Koltani inahesabiwa kwa oksidi ya tantali, Ta2O5. Wolframi inahesabiwa kwa WO3. Na ile mashine ya mkono, yenye umbo la bunduki, inaweza kuonyesha namba ya chuma chenyewe ao ya oksidi: inategemea namna ilivyopangwa.

Mfano wa koltani: mashine inaonyesha Ta 30. Mnunuzi anafungua orodha ya bei, ambayo imeandikwa kwa Ta2O5, anasoma mstari wa 30. Umeibiwa, hata kama yeye hakukusudia. Ili kutoka Ta kwenda Ta2O5 unazidisha kwa 1,22. Mstari wako wa kweli ni 36,6. Kwa wolframi, kutoka W kwenda WO3, zidisha kwa 1,26. Andikeni namba hizi tatu ndani ya simu: 0,788, 1,22, 1,26.

Hesabu ileile, hatari ingine

Ili kupata bati, kiwandani wanachoma kasiterite pamoja na makaa. Bati linatoka +4 linafika 0. Kaboni ya makaa inatoka 0. Ikiwa CO2, inafika +4. Kimoja kimeshuka 4, kingine kimepanda 4.

Lakini kaboni inaweza kusimama katikati ya njia. Mahali hewa ni kidogo, badala ya CO2 inatoka CO: oksijeni moja tu, kaboni +2. Hiyo CO haina harufu, haina rangi, na inaua. Motopompe ao jenereta ndani ya shimo inaitoa, juu hewa kule chini haitoshi kuchoma mafuta mpaka mwisho. PDG akisema mashine ishuke pamoja na watu, jibu ni moja: mashine inabaki inje, mpira wa maji njo unashuka.

Tufanye nini

Ndugu wachimbaji, kabla ya kukubali bei, ulizeni maneno matatu: « asilimia ya nini? » Halafu ombeni jibu liandikwe kwenye bono: Sn ao SnO2, Ta ao Ta2O5. Alama hizo hazina gharama ya wino. Mnunuzi mwema hatakataa.

Wamama, mtoto akifungua kaye ya kemia, msimwambie kwamba ni mambo ya kupata pointi kwa Examen d'État tu. Mpeni bono ya baba yake, aihesabu.

Zoezi la leo jioni: kutu ya manjanja, na wekundu wa udongo wetu, vinatoka kwa oksidi ya chuma, Fe2O3. Namba ya chuma ni ngapi? Oksijeni tatu ni −6, chuma ziko mbili, kila moja inalipa 3. Jibu ni +3. Mtoto akipata, mpeni sasa mfuko.